Kutu kwenye vyuma vya cherehani

Swali: Nimerithi cherehani ya zamani ambayo vyuma vyake vimeshikwa na kutu. Je, naweza kuiondoa kwa umeme nyumbani? – Msomaji, Temeke.

Jibu: Unaweza, kwa vipande vya chuma tu, kwani alumini huliwa na magadi. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha magadi soda katika kila lita 4 za maji ndani ya ndoo ya plastiki, kisha unganisha waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12 kwenye kipande chenye kutu, na waya chanya kwenye chuma chakavu, vyote viwili vikiwa ndani ya maji hayo bila kugusana. Ukigeuza nyaya, kitakacholika ni kipande chako. Chuma hicho chakavu kisiwe cha aina isiyoshika kutu, kama ya masufuria yanayong'aa, kwa sababu kromiamu yake huyafanya maji kuwa sumu. Wala usitumie chumvi, ambayo hutoa gesi ya klorini. Kwa kuwa haidrojeni inayotoka huweza kulipuka, fanyia kazi uani, mbali na jiko la mkaa, na uzime umeme kabla ya kugusa chochote. Baada ya saa kadhaa, sugua, osha, kausha na upake mafuta ya cherehani papo hapo, maana hewa ya pwani yetu haisubiri.