Kompyuta inajizima na kuwaka yenyewe? Usikimbilie kupiga Windows

Juzi mdogo wangu mmoja kaniandikia inbox, ana kompyuta ya mezani ya siku nyingi anafanyia kazi za kudizaini, anasema inajizima na kuwaka yenyewe, na fundi kamwambia dawa ni kupiga Windows mpya. Nikaona hili nisimjibu peke yake, maana najua mko wengi mnaoteseka nalo, na mimi lilinitesa sana.

Nina steshenari ndogo Mbagala. Mashine yangu ni mtumba, Core 2 Duo, ramu GB 4, nimeitunza na imenilipia kodi za kutosha. Mwaka jana ikaanza vituko. Unaandika CV ya mtu, paap, giza, halafu inawaka upya. Kuna dada alikuja kuomba kazi mtandaoni, mwisho wa kutuma ni siku ileile, tumejaza kila kitu, tunapakia cheti cha mwisho, ikazima. Hakusema neno, aliniangalia tu. Iliniuma.

Fundi wa kwanza kapiga Windows, kachukua 15,000 yake, tatizo likabaki palepale, akapiga tena na hela akachukua tena. Wa pili ndo kaniumiza zaidi, mfuniko hakufungua, kasema "bosi madabodi imekufa hii, ninayo mashine nyingine nikuuzie". Madabodi ndo lile bodi kubwa la ndani linalobeba vifaa vyote. Mtu anaizika ofisi yako na hajashika hata bisibisi! Nikasema basi, nitakaa nayo mwenyewe.

Kilichonifumbua macho ni kufuatilia inazima WAKATI GANI. Tunasema inazima ovyo ovyo, lakini ukiifuatilia utakuta ina saa zake. Yangu ilipenda kuzima pale printa ya leza inapoanza kazi. Printa ile inapasha moto rola inayogandisha wino kwenye karatasi, inavuta umeme mwingi kwa mpigo mpaka taa ya ofisini inafifia kidogo, na pawa saplai (lile boksi la ndani ya kompyuta linalogawa umeme) ikiwa nzima inavumilia huo mshtuko, iliyochoka haivumilii.

Halafu angalia inazima VIPI. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kwenye Startup and Recovery bonyeza Settings, toa tiki ya Automatically restart. Baada ya hapo kama shida ni ramu au draiva (programu inayoendesha kifaa), mara nyingi itakuletea skrini ya bluu na itakaa hapohapo usome namba ya kosa. Yangu haikuleta bluu wala nini, ilikata kama mtu kachomoa waya. Kwenye Event Viewer, sehemu Windows inapoandika matukio yake, nikakuta Kernel-Power 41 zimejipanga. Kuna wanaokwambia hiyo 41 ndo ugonjwa wenyewe, si kweli, inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri, nani kaizima haisemi.

Nikaazima mita ya kupimia umeme. Waya wa njano wa pawa saplai unatakiwa usome volti 12, ruhusa ni asilimia 5 juu au chini, yaani usishuke chini ya 11.4. Mashine ikiwa imetulia ilisoma 12.1, safi kabisa, na hapo ndo wengi wanaishia. Mimi nikaipa kazi, nikafungua video na mafaili makubwa kwa pamoja, ikashuka mpaka 11.2 naiona kwa macho yangu. Nikamulika kapasita za madabodi, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, kwa tochi ya simu, vichwa vyote bapa, hakuna iliyovimba wala kuvuja. Madabodi nzima kabisa! Nikabadilisha pawa saplai, printa nikaipa soketi yake ya ukutani, na mpaka leo naandika hapa kwa mashine ileile "iliyokufa".

Angalizo moja: pawa saplai yenyewe usiifungue kama hujui, kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa waya.

Na nyie vijana wa ufundi niwaambie ukweli, kupiga Windows kwa tatizo ambalo hujalipima ni kumla mtu hela. Mteja kakuletea tonge la watoto wake, fungua mfuniko, pima, ndo useme. Ufundi ni uaminifu jamani, uaminifu kwanza.

Sasa mdogo wangu, wewe umesema yako inazima ukishafanya kazi kama nusu saa na feni inapiga kelele. Hiyo inanukia joto. Puliza vumbi, toa lile bati la kupoozea, futa gundi ya prosesa iliyokauka upake mpya, kiasi cha punje ya mchele inatosha. Chomoa na ramu, sugua miguu yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, rudisha mpaka isikike tik. Ikiendelea kuzima nitumie picha ya madabodi kwa karibu, hasa pale pembeni ya prosesa, nikuangalizie kapasita.