Re: Matembezi ya wikendi yenye jengo la kale, karibu na Mwanza

Mkuu, umeuliza wapi mtu atembee kwa miguu mashambani, kisha akute gofu la maana. Nenda Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Panda meli Mwanza hadi Nansio, mji mkuu wa kisiwa, au zungukia Bunda uvuke kwa kivuko cha Kisorya–Rugezi. Lala Nansio, asubuhi shika njia ya Bukindo, kwenye kasri la watemi (machifu) wa Wakerewe. Mtemi wa mwisho, Michael Lukumbuzya, baadaye alikuwa balozi. Utemi wenyewe ulifutwa 1963. Jengo limechakaa, usitarajie ikulu ya kwenye picha. Utamu hasa uko njiani: michungwa, mihogo imeanikwa juu ya mawe, shikamoo za watoto kila kona. Ukifika piga hodi kwanza, kamera baadaye. Na ziwani usioge hata jua likuchome vipi, kuna kichocho.