Kruzi za Ulaya na mfumo mpya wa vidole: shida haiko melini, iko eapoti

Habari za humu wakuu. Dada aliyeuliza jana juu ya kruzi (safari ya kitalii ya meli) ya mwezi wa saba, nimekaa kimya nikisubiri waliosafiri wakujibu, naona majibu mengi ni ya "nasikia" na "jamaa yangu alisema", sasa ngoja niandike niliyoyaona mwenyewe, ni marefu kidogo mnivumilie.

Kwa ambao hawakuona swali: dada anaishi Uingereza, ana pasi ya Uingereza, mumewe bado yuko na pasi ya Kenya. Wanataka kruzi ya siku 7, hawajui wachukue ya kuondokea Southampton na kurudi Southampton au waruke hadi Barcelona wapande meli huko, na kuna mtu kamtisha kwamba huu mfumo mpya wa kuchukua vidole na picha utafanya waachwe na meli.

Dada, kuachwa na meli inawezekana, lakini siyo kwa sababu unayoambiwa. Watu wanadhani kila bandari mtakayoshuka mtapangwa foleni kuchukuliwa vidole. Hakuna kitu kama hicho. Kitu cha kuangalia ni kimoja, safari inaanzia wapi na inaishia wapi. Mengine yote yanafuata hapo.

Mfumo wenyewe unaitwa EES (Entry/Exit System, wa kurekodi wanaoingia na kutoka), ulianza tarehe 12 Oktoba 2025, wakauleta kidogo kidogo, na 10 Aprili 2026 ndiyo tarehe waliyoipanga uwe umekamilika mipaka yote ya nchi 29 za Schengen (nchi za Ulaya zilizofunguliana mipaka, viza moja inakuingiza zote). Unawahusu wasio raia wa Umoja wa Ulaya wala wa nchi hizo wanaokwenda kwa muda mfupi, zile siku 90 ndani ya siku 180. Badala ya kugongewa muhuri unapigwa picha ya uso na kuchukuliwa vidole vinne, jina na pasi yako vinaingia kwenye kompyuta, wanakaa navyo miaka 3. Ukizidisha siku na kutoka kwako hakujarekodiwa, inakuwa miaka 5. Wenye kibali cha kuishi huko au viza ya muda mrefu hawahusiki. Ukikataa kutoa vidole huingii, hakuna mjadala.

Sasa Southampton. Kruzi inayoanzia nje ya Schengen na kuishia nje ya Schengen, abiria wake hawasajiliwi kwenye EES. Mnashuka Le Havre, Ufaransa, asubuhi, mnakula, mnapiga picha, mnarudi melini jioni, basi. Meli inapeleka orodha ya majina kwa watu wa mpaka na hao ndio wanaamua kama kuna haja ya kumkagua mtu. Kwa hiyo kwa upande wako wewe dada, Southampton ni mteremko. Isipokuwa ukikatisha safari njiani, tuseme umeumwa ukashushwa bandari fulani ukarudi nyumbani kwa ndege, hapo unakuwa umeshaachana na meli na utapita mpakani kama msafiri mwingine yeyote.

Lakini mumeo asijichanganye. Kutosajiliwa EES siyo kusamehewa viza. Pasi ya Kenya inahitaji viza ya Schengen hata kama mnashuka masaa manne kununua aiskrimu, na kampuni za meli huwa zinaidai kabla hujapanda, hawana huruma kwenye hilo. Na ile eVisa yake ya Uingereza (kibali chake cha huko, cha mtandaoni) haimfungulii mlango wa Ulaya hata kidogo, ila ataihitaji wakati wa kurudi.

Na msidanganywe na neno EU (Umoja wa Ulaya). Norway haimo EU lakini imo Schengen, kwa hiyo zile kruzi za kuangalia milima na maji ya Norway zinahitaji viza ileile. Ireland imo EU lakini haimo Schengen, ina viza yake yenyewe, meli ikipita Cork mumeo ana kazi ya ziada. Cyprus hivyohivyo, EU ndiyo, Schengen hapana. Kroatia imeingia Schengen Januari 2023, kwa hiyo ukikutana na maandishi ya zamani yanayosema Dubrovnik iko nje ujue yamepitwa.

Haya, ya kuruka na ndege. Hapa ndipo nina la kusema maana nilienda mwenyewe mwishoni mwa Oktoba 2025, mfumo ndiyo kwanza una wiki mbili. Tulikuwa mimi, wanangu wawili (wa miaka 13 na wa miaka 9), na mama yangu mzazi ambaye alikuwa kaja kututembelea kutoka Tanga. Sisi watatu pasi za Uingereza, mama pasi ya Tanzania. Meli ilikuwa inaondokea Ravenna pale Italia, inapita Split ya Kroatia, Kotor, Corfu na visiwa vingine vya Ugiriki, inaishia Piraeus, bandari ya Athens, tunarudi kwa ndege kutoka Athens.

Kosa la kwanza nilifanya mwenyewe hata kabla ya safari. Fomu ya viza ya mama, ile ya kuombea Dar, nilijaza mimi kwa simu yeye akasaini. Pale panapouliza unaingia mara ngapi nikajaza mara moja, kwa akili yangu safari ni moja si ndiyo? Viza ikatoka, mdogo wangu akanitumia picha WhatsApp, nikaona chini ya idadi ya kuingia imeandikwa 01. Nikafurahi, nikasambaza kwenye grupu la familia. Siku mbili baadaye naangalia ratiba ya meli moyo ukapiga paa. Kotor iko Montenegro. Montenegro haimo Schengen. Maana yake meli ikitoka Split inatoka Schengen, ikifika Corfu inaingia tena, yaani mama anaingia mara mbili, Italia na Ugiriki, na viza yake inasema mara moja. Nikaomba upya, euro 90 tena na ada ya wale wa kituo cha viza juu yake, na mama akapanda basi Tanga hadi Dar mara ya pili. Safari hii nikajaza nyingi, ikatoka MULT, yaani kuingia mara nyingi. Kwa hiyo dada chukua ratiba, pitia bandari moja moja kwa kidole, ukiona Montenegro, Uturuki, Tunisia, Morocco, Albania au Uingereza yenyewe katikati ya safari, viza ya mumeo lazima iwe MULT.

Uwanja tuliotua siutaji. Tulitua saa sita na robo mchana siku moja KABLA ya meli, na hilo ndilo jambo pekee la akili nililofanya. Foleni ya pasi za nje ilikuwa imejikunja kama utumbo hadi kwenye ngazi, ndege tatu zimetua pamoja, mashine za kujisajili nilihesabu nane, zinazofanya kazi tatu, nyingine zimefungwa utepe. Watoto wakakaa chini. Kuna bwana mmoja nyuma yetu na mkewe na shemeji zake kila dakika tano anaangalia saa, kumbe wao wanatakiwa kupanda meli yao siku hiyohiyo, mwisho saa kumi na moja jioni, na bado wana safari ya treni, alianza kwa kutaniana na watu mwisho akawa haongei na mtu.

Mashine yenyewe siyo ngumu. Unaweka pasi, inasoma, unasimama kwenye alama za miguu, kamera inapanda na kushuka kutafuta uso wako, halafu unaweka vidole vinne vya mkono wa kulia kwenye kioo. Yule wa miaka 9 alipigwa picha tu, chini ya miaka 12 hawachukui vidole. Kisha maswali: unakaa wapi, una tiketi ya kurudi, una hela. Mimi dakika nne hivi. Ukimaliza bado unapanga foleni ya pili kwa afisa, na kwa wakati ule afisa alinigongea na muhuri vilevile, mambo mawili kwa pamoja, maana walikuwa hawajaachana na mihuri.

Mama sasa. Wenye viza vidole vyao vilishachukuliwa wakati wa kuomba viza, mpakani wanavilinganisha tu, halafu wanapiga picha ya uso. Nikajua kwake ndiyo itakuwa rahisi. Akaweka vidole, taa nyekundu. Akaweka tena, nyekundu. Wiki iliyotangulia tulikuwa na harusi Leicester, akapakwa hina mpaka kwenye ncha, afisa akavigeuza vile vidole akaviangalia kama anakagua embe sokoni, akatoa kitambaa chenye maji akamfuta kimoja kimoja. Nyekundu. Mama akanigeukia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mwambie si hina, hivi vidole nimevimalizia kwenye mbuzi ya nazi miaka arobaini." Nilitafsiri nusu tu. Mara ya nne, baada ya kuvipumulia kama mtu anayesafisha miwani, ikakubali. Kwa hiyo wenye wazazi, chukueni mafuta kidogo ya mkononi muwapake kabla ya kufika kwenye foleni, ngozi kavu ndiyo inayosumbua, na hina ingojee mkirudi ili msiongeze utata.

Halafu akaulizwa anafikia wapi. Akajibu mwenyewe kwa Kiingereza chake, "Ship." Afisa akauliza hoteli gani. "Ship." Nikaingilia nikatoa ile tiketi ya meli niliyoichapisha, ina majina yetu wote na tarehe za bandari zote, na bukingi ya hoteli ya usiku mmoja, na tiketi ya ndege ya Athens. Akaipitia, akatuachia. Chapisheni karatasi wakuu. Simu yangu ilikuwa imebakiwa na chaji asilimia 6 baada ya watoto kuichezea kwenye foleni.

Kuanzia kwenye ngazi ya ndege hadi kuchukua mabegi masaa mawili na dakika kumi. Yule bwana na shemeji zake tukaja kukutana nao Split, siku mbili baadaye, kumbe meli yao ndiyo yetu, ilikuwa na abiria waliopandia Ravenna siku ya kwanza wakalala humo bandarini na wengine siku ya pili. Wao walitakiwa kupanda siku ya kwanza, wakakosa treni, hoteli zimejaa, wakachanganyikiwa wakaruka moja kwa moja hadi Split kwa tiketi za hela yao, kwa sababu ndege walikata wenyewe mtandaoni. Ukinunua ndege na kruzi pamoja kwa kampuni moja, ndege ikichelewa ni mzigo wao kukufikisha, soma mkataba wako lakini kwa kawaida ndivyo. Ukikata mwenyewe, ni wewe na Mungu wako.

Melini kwenyewe hakuna stori. Split tulishuka kama tunashuka daladala, ndani ya Schengen bandari kwa bandari hakuna ukaguzi. Kotor nilikuwa na wasiwasi, nikajua wakati wa kurudi Corfu tutapangwa tena, sikuona afisa hata mmoja, orodha ilipelekwa na meli na pasi ya mama mapokezi ya melini waliichukua jioni wakairudisha asubuhi. Nyie mnaweza kukaguliwa, wana haki hiyo, msije mkanilaumu. Kotor kwenyewe mama alipapenda kuliko kote, kuta za mawe, vichochoro, na paka kila mlango, akasema hii ni Lamu ila wameisogeza kwenye milima.

Kutoka nako wanarekodi. Athens tulifika eapoti masaa matatu na nusu kabla, safari hii uso tu kwa sisi tuliokwisha kusajiliwa, haikuchukua muda, ila foleni ilikuwepo. Meli ikifunga bandarini saa kumi na mbili asubuhi usikate ndege ya saa nne, kuna kungoja mabegi, kuna teksi, kuna hiyo foleni.

Mambo mawili ya haraka. Kujisajili EES ni bure, mkiona tovuti inawauzia "usajili wa EES" ni matapeli. Na ETIAS ni kitu kingine, ile ya euro 20, wamesema itaanza robo ya mwisho ya 2026, ni ya wasiohitaji viza, kwa hiyo itakuhusu wewe dada huko mbele, mumeo haimhusu kwa sababu yeye ana viza.

Mimi ningekuwa wewe kwa mwezi wa saba, watu wamejaa kila mahali, ningechukua Southampton. Kama roho iko Barcelona nenda, ila ruka siku moja kabla na siyo asubuhi ya siku ya meli, hata kama hoteli itakuuma. Niwekee hapa orodha ya bandari nikuangalizie hilo la MULT.

Mama karudi Tanga salama. Viza yake ilikuwa ya siku 15, ametumia 9, juzi kanipigia kuuliza kama zile 6 zilizobaki anaweza kumpa shangazi.