Vyombo vya kukodisha: vinalinda mazingira kweli?

SWALI: Shikamoo Mama. Kikundi chetu cha akina mama hapa Kihonda, Morogoro, kinataka kuanza kukodisha viti, maturubai, masufuria na sahani za shughuli. Tunaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, na kijana mmoja anatushauri tuandike kwamba biashara hii inalinda mazingira kwa kuwa watu wengi wanatumia vitu vilevile. Ni kweli, au tutakuwa tunajipamba? Halafu wateja siku hizi wanataka sahani za kutupa. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kijana wenu ana hoja, ila hajaimaliza. Kiti cha kukodisha kinalinda mazingira pale tu kinapodumu na kuzuia kingine kisinunuliwe. Mkinunua vile vyepesi vya plastiki kwa sababu ya bei, mkavirundika uani juani, jua litaikausha plastiki, miguu itapasuka, nanyi mtarudi dukani. Hapo mtakuwa mnasomba plastiki kuipeleka jalalani. Anzeni na vichache vilivyo imara, na kibanda chenye kivuli kitangulie kabla ya kuongeza idadi. Vya chuma ni ghali na vinachosha kubeba, lakini fundi wa kuchomelea hakosekani mtaani, na siku vikifa, mnunuzi wa chuma chakavu atavifuata mwenyewe.

Sahani ndiyo habari kubwa. Nimekodisha vyombo Tandika miaka mingi, na sijaona mteja anayezipenda sahani za kutupa. Anachokimbia ni kuosha. Shughuli imeisha usiku, ndugu wameshaondoka, mwenye nyumba amechoka, na mwenye vyombo ameweka sharti virudi safi asubuhi. Lazima aone afadhali maboksi ya povu! Wageni 300, kila mmoja na sahani, glasi na kijiko cha kutupa, ni vitu 900 kwa mlo mmoja tu. Marufuku ya Juni 1, 2019 ilikuwa ya mifuko ya plastiki ya kubebea; vitu hivi haikuvigusa.

Kwa hiyo, pokeeni vyombo vikiwa vichafu. Gharama ya kuosha iwe ndani ya bei ya kukodi, isitajwe peke yake, maana ukiitaja mteja ataomba iondolewe. Viosheni nyinyi wenyewe, mlipane. Mabaki yakwanguliwe kwanza, yaende kwa kuku au kwenye mboji, ndipo vyombo viguse maji. Tumieni mabeseni matatu: la sabuni, la kusuuzia na la kumalizia. Maji ya beseni la mwisho bado ni mazuri, yatumike kwenye sabuni ya awamu inayofuata. Kisha uchanjani, jua likaushe. Maji ya mafuta msiyamwage mtaroni, yatawaletea harufu na ugomvi na majirani. Chimbeni shimo lenye kokoto.

Sahani zenyewe, chukueni za stili. Melamini inavutia na ni nyepesi, lakini ikichakaa haiyeyushwi ikatengenezwa kitu kingine. Stili ikibonyea bado inauzika.

Jambo la usafiri wengi hulisahau. Kirikuu ikipeleka viti hamsini Mzumbe, ikarudi tupu, kesho yake ikaenda tena kuvichukua, mafuta yaliyoungua yamekula faida yenu na ile sifa ya mazingira. Oda ya mbali mpeni mwenye vyombo wa kule, naye awape za Kihonda. Nakuomba sana mlikubali hili, hata kama litauma mwanzoni, kwa sababu tamaa ya kufika kila mahali imeua biashara nyingi za namna hii.

Kuhusu mkopo: fungu la wanawake ni asilimia 4 kati ya hiyo 10, na vikundi vinavyoligombea ni vingi. Msiandike “tunalinda mazingira” mkaishia hapo. Andikeni kwamba mtapokea vyombo vichafu, mtakodisha sahani za stili, na viti vitakuwa na banda. Siku ya kwanza fungueni daftari: kila seti imetoka mara ngapi, nini kimevunjika, kimekarabatiwa au kimeuzwa chakavu. Afisa maendeleo ya jamii akija kuwakagua, mpeni daftari hilo alisome.