Programu ya depo: ibaki dukani au iende kwenye wingu?

*Nina depo ya dawa Katuba, Lubumbashi: kompyuta 3 na seva moja (kompyuta kuu inayotunza data) chini ya kaunta. Muuzaji wa programu anasema tuhamie kwenye wingu, yaani programu na data zikae kwenye seva za kampuni, tuzifikie kwa intaneti. Nikubali?*

Ndugu, omba kwanza toleo la majaribio. Saa za wateja wengi, chomoa waya wa intaneti dakika 10 ujaribu kuuza. Likigoma, usihame: laini ikikatika kaunta itasimama, hata jenereta ikinguruma. Likiuza bila intaneti na kusawazisha stoku laini ikirudi, anza kuhamisha nakala rudufu (kopi za akiba za data), mauzo mwisho. Pima kasi ya kupakia (kutuma data kwenye wingu), si ya kupakua (kuzipokea). Kwa mfano, kutuma data za gigabaiti 40 kwa megabiti 2 kwa sekunde ni saa 44 na zaidi. Tena uliza, kwa maandishi: ukiacha kulipa, utarudishiwaje data zako? "Usijali, mzee" si jibu.