Jibu: Choka ya nyanya bila ovena

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini choka yako ya nyanya (yaani nyanya za kuchoma zilizopondwa, chakula cha Trinidad) imetoka majimaji, na kama ovena ni lazima. Si lazima hata kidogo. Kule Trinidad, kisiwa cha Karibi, huchoma nyanya kwenye moto wenyewe, na utamu wote uko kwenye ule moshi. Jiko lako la mkaa litakufaa kuliko ovena.

Chukua nyanya 5 zilizoiva ila bado ngumu, zichome nzima juu ya wavu ukizigeuza mpaka ganda liwe jeusi na kupasuka. Nadhani wewe uliziepua mapema, ndiyo maana ikatoka majimaji. Choma na pilipili moja, menya (ganda kidogo lililoungua liache), ponda, tia chumvi.

Juu yake weka kitunguu kibichi kilichokatwa nyembamba. Sasa pasha mafuta vijiko 2 yapate moto sawasawa, tia kitunguu saumu na bizari nyembamba, kikianza kuwa hudhurungi yamwage yote juu ya kitunguu, yachachatike. Hatua hii usiiruke tafadhali! Ndiyo waliyokuja nayo wafanyakazi wa mkataba kutoka India, walioanza kufika Trinidad mwaka 1845.

Watu wa Trinidad huila choka kwa sada roti, mkate bapa wa kwao. Chapati kavu, isiyopakwa mafuta, inakaribiana nayo sana.