Kwa wadogo zangu wa taimlapsi: urojo hauishi

Jana Forodhani, hapa Unguja, nimewaona tena, watatu, stendi za kamera mpya kabisa, jua limezama tu hata adhana ya magharibi haijesha washafungasha wanakimbilia urojo. Roho iliniuma. Kaeni niwaambie, maana taimlapsi, yaani picha unazopiga moja moja kila baada ya sekunde chache kisha ukaziunganisha ziwe video, mie makosa yake yote nishayafanya.

1. Rangi zinakuja baada ya jua kuzama. Huku kwetu jua linashuka wima, dakika ishirini na kidogo giza lishaingia, na hizo dakika ndo video yenyewe.

2. Fokasi na waiti balansi (ile ya kupanga rangi) weka manyuali, yaani kwa mkono, ukiacha oto video itapepesa kama taa ya jenereta bovu. Giza likiingia, muda wa shata kukaa wazi ongeza mwenyewe kidogo kidogo.

3. Piga hesabu nyumbani. Fremu moja kila sekunde 5, saa nzima ni fremu 720, ukizicheza 25 kwa sekunde unapata sekunde 29 tu basi. Kuna mmoja wenu alikuja na betri nusu, tena anacheka.

4. Stendi. Hapa ndo pananiuma. Hoteli moja kule Kendwa walinipa kazi, jioni moja tu, kesho yake wanaitaka. Nikashusha stendi karibu na maji, kwenye mchanga mbichi, ili mawimbi yaonekane mbele. Nikapima usawa, nikabonyeza, nikaenda zangu kupiga soga na wavuvi waliokuwa wanavuta ngalawa. Nikirudi kuchungulia, fremu iko sawa, haya narudi kwenye soga. Kumbe maji yanajaa, na kila wimbi likirudi linakomba mchanga chini ya mguu mmoja, unazama taratibu, kwa jicho huoni kitu. Usiku nikafungua kompyuta, na chai ya tangawizi nimejiwekea kabisa kujipongeza, nikabonyeza plei. Bahari ikaanza kuinama. Polepole, kama jahazi linaloingia maji, jua nalo likateleza pembeni, mpaka sekunde ya ishirini hivi nusu ya kioo ni mchanga mtupu. Nikakesha nanyoosha fremu moja moja, na kila nikinyoosha lazima nikate pembe, asubuhi nimebaki na kidirisha cha kuchungulia tu. Meneja akatazama, akanyamaza, akasema, "Fundi, mbona bahari inamwagika?" Hela hata sikuidai.

Kwa hiyo zamisheni miguu ya stendi kwa nguvu kabla hamjaanza, begi litundikeni katikati, na muulizeni mvuvi yeyote maji yanajaa saa ngapi. Siku za bamvu, yale maji makubwa, yanapanda hadi mita 4 hivi, hayakusubiri umalize soga.

5. Lenzi ifuteni chumvi. Filta pia.

Na wewe unayenitumia meseji kila wiki unataka jua lizame baharini pale Coco Beach, Dar: mdogo wangu, ile inatazama mashariki. Labda uamke saa 11 alfajiri.